Anti Jibu: Mume kapata kazi Lyon, binti wa kidato cha pili hataki kusikia

*Anti shikamoo. Mume wangu ni injinia, kapata mkataba wa kazi Lyon, Ufaransa, na kampuni imemwambia atapewa kile kibali cha ukazi cha wataalamu, wanakiita talent, na familia tunaruhusiwa kwenda naye. Shida ni binti yetu. Ana miaka 14, yuko kidato cha pili, anafanya vizuri tu darasani ila Kifaransa hajui hata salamu, na tangu asikie habari ya kuhama kanuna, na baba yake haongei naye. Mama mkwe anasema tumwachie yeye mtoto amalize kwanza kidato cha nne ndo atufuate akiwa na cheti mkononi, na mimi naona kama ana hoja. Halafu binti anavaa hijabu, nasikia huko shuleni hawataki. Je atarudishwa madarasa? Nishauri kabla hatujakata tiketi. Mama wa Kidato cha Pili.*

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa mzee. Nianze na la mama mkwe manake ndo linaamua mengine yote. Mpe heshima zake zote, mletee na kanga ukienda kumuaga, ila hili usimkubalie.

Piga hesabu na mimi. Binti akimaliza kidato cha nne atakuwa na 16 anaelekea 17, msubiri matokeo, mhangaike na viza, mpaka atue Lyon ni 17 kamili. Ufaransa shule ya lazima inaishia miaka 16. Kweli kuanzia 16 mpaka 18 serikali inataka kijana awe kwenye masomo au mafunzo ya aina fulani, lakini kumtafutia kiti mtoto wa 14 ni wajibu usiokwepeka na kumtafutia wa 17 asiyejua lugha ni mazungumzo marefu. Wenzake wa umri huo wako mwaka wa mwisho wa lycée, yani sekondari ya juu, wanajiandaa na mtihani wa bac, yeye ndo anajifunza kuhesabu mpaka mia. Na hicho cheti cha kidato cha nne anachokisubiri bibi yake hakimwingizi chuo kikuu cha kule, kwahiyo hicho "cheti mkononi" hakimfikishi popote.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui mpaka limewakuta. Kwenye mpango huo wa talent familia inasafiri pamoja, hamna ile kusubiri miezi 18 kama wanavyosubiri wanaoomba kuunganisha familia kwa njia ya kawaida, na wewe mwenyewe utapata kadi ya talent ya familia inayokuruhusu kufanya kazi. Mtoto aliyeingia nayo akiwa chini ya miaka 18 akifika hiyo 18 anaomba kadi kama yako, ni haki yake. Asiyeingia mapema, siku anatimiza 18 ni mtu mzima kwa sheria za viza, anajitegemea, aombe kama mwanafunzi kwa ajili yake mwenyewe kama vile hana wazazi kule. Yani mnaweza kukaa mezani Lyon mnakula huku mtoto wenu yuko mbali anajaza fomu za ugeni. Saa inayotembea hapa ni ya binti, mkataba wa baba yake unaweza kurefushwa ila umri wake hauongezwi muda.

Sasa shule. Ufaransa wanapanga watoto kwa mwaka wa kuzaliwa, na madarasa ya sekondari wanayahesabu kurudi nyuma, ukifika usishangae. Collège ina miaka minne, inaanza darasa la sita linalofuatiwa na la tano, la nne, la tatu, halafu ndo lycée miaka mitatu, seconde, première na terminale. Mwaka ambao mtoto anatimiza 14, Septemba yake anaingia la tatu, ambalo ndo la mwisho collège. Kwahiyo binti yako, kutegemea amezaliwa mwezi gani na mnafika lini, ni la nne, la tatu au hata seconde, na kwa mtoto mgeni wa lugha wanaweza kumshusha mwaka mmoja, kumshusha zaidi ya hapo hawapendi manake hawataki awe mkubwa sana kuliko darasa. Kushushwa mwaka mmoja mimi nakwambia mshukuru Mungu, msigombane nao. Nitakwambia kwa nini.

Mwisho wa darasa la tatu kuna mtihani wa brevet, lakini brevet si kitu cha kukunyima usingizi. Kikubwa ni kwamba muda huohuo ndo wanaamua mtoto anaelekea wapi, lycée ya jumla na teknolojia au lycée ya ufundi. Ufundi si aibu, wapo waliotoka huko na mishahara mizuri kuliko wenye digrii, ila iwe ni chaguo. Isiwe kwa sababu mtoto ana miezi minane tu nchini na Kifaransa chake kimekaa upande. Namjua kijana mmoja, hesabu anapata 17 kwa 20, imla ya Kifaransa anapata 4, na kwenye kikao cha walimu wakawa wanamsoma kwa hiyo 4. Mama yake akaenda na karatasi za hesabu mkononi, akaomba miadi na mwalimu wa darasa, akapinga kwa maandishi, kijana akaenda jumla. Hiyo haki ya kupinga ipo, mapendekezo ya kwanza hutolewa muhula wa pili na uamuzi muhula wa tatu, msipokubaliana kuna kamati ya rufaa. Ila binti akipata mwaka mmoja wa ziada kabla ya kufika hapo hamtahitaji rufaa. Na usitishwe na alama zao jamani, 20 kwa 20 huko ni kama haipo, kwenye bac mwenye 12 anapewa sifa ya vizuri kiasi, 14 vizuri, 16 vizuri sana, sasa mzazi aliyezoea tisini na kitu anaweza kumwonea mtoto bure.

Lugha wanaishughulikia, hawamtupi darasani akazame. Kuna darasa la wageni wa lugha linaitwa UPE2A, kwa sekondari ni masaa yasiyopungua 12 ya Kifaransa kwa wiki, na masomo mengine, michezo, hesabu, Kiingereza, anakaa na darasa lake la kawaida. Kabla ya hapo anapimwa na kituo kinachoitwa CASNAV, wanampima hesabu na kusoma katika lugha aliyosomea, kwahiyo asione aibu kuandika kwa Kiingereza au Kiswahili, hapo hawatafuti Kifaransa, wanatafuta alichonacho kichwani. Si kila shule ina UPE2A, anaweza kupangiwa ya mbali kidogo apande metro. Msimamo wangu, pandeni hiyo metro. Shule ya jirani isiyo na hilo darasa itawatamanisha kwa ukaribu tu.

Na Kiingereza chake ndo mtaji. Siku ya kwanza darasani atakuwa hajui kitu isipokuwa kwenye kipindi kimoja ambacho wenzake ndo wanaong'ata ulimi na yeye anaongea, na mtoto wa miaka 14 aliyekosa raha anahitaji hata saa moja kwa siku ya kuonekana ana akili.

Makaratasi sasa, nayapitia haraka. Cheti cha kuzaliwa kitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa, herufi za majina zifanane na pasipoti, moja ikizidi mtazunguka ofisi mpaka mchoke. Ripoti za shule za miaka miwili mitatu iliyopita. Kadi ya chanjo yenye pepopunda, dondakoo na polio, bila hizo shule haimpokei moja kwa moja. Anwani, manake shule inatokana na mnapoishi, na kupata nyumba ndo vita yenyewe, wenye nyumba wanataka hati za mshahara za miezi mitatu na mdhamini, hapo kampuni ya mume ibanwe mapema iandike barua. Mtoto hahitaji kadi ya ukazi mpaka 18 ila akitaka kuja likizo kumwona bibi na kurudi anahitaji hati ya kusafiria ya mtoto mgeni, DCEM, muiombe mapema msisubiri mpaka mmeshapata tiketi ya bei nafuu. Bima ya afya mzee akianza kazi familia inaingia, na akifika 16 anakuwa na kadi yake ya Vitale.

Msifike Agosti katikati. Ofisi za shule zinafungwa katikati ya Julai mpaka karibu na mwisho wa Agosti, utazunguka na bahasha yako wote wako baharini. Mwanzo wa Julai ni bora zaidi, au basi wiki ya mwisho ya Agosti na Septemba mnaingia nao.

Hijabu. Hapa sitakupamba maneno. Sheria ya tarehe 15 Machi 2004 inakataza alama za dini zinazoonekana wazi kwenye shule za serikali, collège na lycée, na tangu 2023 hata abaya wamezuia. Barabarani anavaa, dukani anavaa, chuo kikuu atavaa, ila kwenye geti la shule anavua na akitoka anavaa. Utawaona wasichana asubuhi pale getini, mmoja anashika begi la mwenzake, anakunja mtandio vizuri anauweka mfuko wa mbele, kengele inalia. Kuna familia zinapeleka shule binafsi zenye mkataba na serikali, nyingi ni za Kikatoliki, na baadhi zinaruhusu, kila moja na kanuni zake, ulizeni kabla ya kulipa. Kumsomesha nyumbani msitegemee, tangu 2022 ni lazima upewe kibali na sababu zinazokubalika ni chache. Ninachokuomba ni kwamba binti aambiwe hili sasa, nyumbani, na wewe na baba yake, tena mumwambie na nyie mnalionaje kidini, akiulizwa na mtu getini kwa lugha asiyoijua awe ameshajua atafanya nini. Akikutana nalo kule siku ya kwanza atadhani mmemficha, na atakuwa sawa.

Hapo ndo tunafika kwa mwenyewe aliyenuna. Mdogo wangu, mtoto huyu mmempa habari, hamjamuuliza kitu. Sisemi apewe kura ya kukataa safari, hapana, ila yapo mambo mengi anaweza kuamua yeye, achague chumba, achague michezo manake Jumatano mchana collège nyingi hawana vipindi na ndo siku ya vilabu, aamue siku ya kuwaaga marafiki na namna gani. Msimhonge kwa mnara wa Eiffel, kwanza uko Paris nyie mnaenda Lyon. Mwambieni na mabaya, kwamba Desemba saa moja na nusu asubuhi bado giza na saa kumi na moja na nusu jioni giza tena, na kwamba miezi mitatu ya kwanza atarudi nyumbani kichwa kinauma kwa kusikiliza tu. Na simu yake, ambayo najua ndo kila kitu, collège hairuhusiwi kutumika, sheria tangu 2018, kwahiyo marafiki wa nyumbani ataongea nao jioni.

Mwanzishie Kifaransa wiki hii. Vituo vya kufundisha Kifaransa vya Alliance française vipo Dar es Salaam, Arusha, Nairobi, Mombasa, na kama ni mbali au hela haitoshi, redio ya RFI ina taarifa ya habari ya dakika kumi kwa Kifaransa chepesi, asikilize hata kama haelewi sikio lizoee. Na wewe ujifunze naye. Watoto wanashika lugha haraka kuliko wazazi, ndani ya mwaka binti ndo atakuwa mkalimani wako benki na kwa daktari, na mtoto anayemsemea mama yake kila ofisi anaanza kumwona mama ni mdogo kwake, hilo nimeliona kwenye nyumba nyingi na halina dawa nyepesi.

*Anti, mimi ni baba nalea peke yangu. Mdogo wangu yuko Marseille miaka mingi, ana kibali. Nina kijana wa miaka 17, nataka aende kwa viza ya kutembea akifika baba yake mdogo amwandikishe shule. Wengine wanasema inawezekana kabisa. Baba Kijana.*

Baba Kijana, hao wanaokwambia inawezekana wanakupa nusu ya kweli. Ni kweli shule ya Ufaransa haimuulizi mtoto kibali cha ukazi, mtoto ni mtoto, ataandikishwa. Ila viza ya kutembea ni siku 90 ndani ya 180 na haigeuzwi kuwa ya kuishi ukiwa umeshaingia. Sasa ana 17. Miezi michache mbele ana 18, ni mtu mzima asiye na kibali, yuko katikati ya mwaka wa masomo, hawezi kufanya kazi, hawezi kurudi kukuona akaingia tena, na baba yake mdogo anaanza kulala roho juu. Wapo waliojinasua kwa kuonyesha masomo yao, na wapo waliokaa miaka na barua za mahakama. Mtoto usimchezeshe huo mchezo.

Ipo viza ya muda mrefu ya mtoto anayeenda kusoma, inataka shule iwe imemkubali kwanza, mwenyeji aandike kwamba anamchukua, na hela ya kumtunza ionekane. Tena baba mdogo kwa mila zetu ni baba, kwa sheria yao si mzazi, fomu nyingi hawezi kusaini mpaka hakimu amkabidhi hayo madaraka. Kwa kijana wa 17 ukishamaliza hayo yote umri umeshapita. Kwa maoni yangu amalize masomo yake hukohuko nyumbani, huku anasoma Kifaransa kwa nguvu, halafu aombe kama mwanafunzi wa chuo kupitia Campus France, shirika la Ufaransa linaloshughulikia wanafunzi wa kigeni. Ada ya chuo kikuu cha serikali kwa asiye wa Umoja wa Ulaya ni karibu euro 2,900 kwa mwaka digrii ya kwanza, na vyuo kadhaa vinasamehe sehemu, na kwenye viza wamekuwa wakitaka uonyeshe euro 615 kwa mwezi za kujikimu. Hapo baba mdogo ndo ana kazi, ampe chumba, hilo ni kubwa kuliko anavyodhani.

*Anti shikamoo, mimi niko Lille mwaka wa pili. Mwanangu wa miaka 15 alianza kukwepa vipindi, nikamchapa makofi mawili. Akaniambia akipiga 119 nitachukuliwa. Sasa namuogopa mtoto wangu wa kumzaa. Kweli wanaweza? Mama Lille.*

Marahaba mwanangu. 119 ipo, ni namba ya watoto walio hatarini, ya bure, usiku na mchana, na haitokei kwenye bili ya simu. Mtoto anaweza kupiga, jirani anaweza, na wewe mzazi pia unaweza kupiga kuomba ushauri, hilo mwanao hajakwambia. Tangu Julai 2019 sheria ya familia imeandikwa wazi kwamba mamlaka ya mzazi hayana kipigo wala matusi ya kumdhalilisha. Mwalimu akiona alama au akisikia mtoto anasimulia anawajibika kupeleka taarifa, anakuja mtu wa ustawi wa jamii nyumbani, anakaa sebuleni, anauliza, anaangalia. Kumchukua mtoto kwa makofi mawili siyo wanachokimbilia, ila kipigo kikiwa ndo tabia ya nyumba mambo yanafika kwa hakimu wa watoto. Kwahiyo acha mkono, kabisa, na mwambie mwanao kwa mdomo wako kwamba umeacha, usimbembeleze kwa zawadi manake atajua amepata fimbo yake na yeye.

Halafu turudi kwenye kukwepa vipindi, ambako ndo kwenye tatizo. Una akaunti yako ya mzazi kwenye Pronote, ule mfumo wa mtandaoni wa shule wa alama na mahudhurio? Wengi wanamwachia mtoto nywila mbili, yake na ya mzazi, ndo maana hawaoni kitu. Omba shuleni wakutumie upya ya kwako, uifungue kwenye simu yako, utaona kila alichokosa kwa siku na saa, hisabati Jumanne saa nne, hakuwepo, sababu haijatolewa. Akifikisha nusu siku nne kwa mwezi bila sababu shule inatoa taarifa juu, kwahiyo wahi wewe kabla barua haijafika. Angalia anakwepa kipindi gani. Akiwa anakwepa vyote ana marafiki wa kumtoa, akiwa anakwepa kimoja tu kuna mwalimu au kuna mtoto anamwonea, na mtoto mgeni asiyejua lugha vizuri anaonewa kimyakimya, hasa vyumba vya kubadilishia nguo za michezo.

Omba miadi na CPE, huyo ndo msimamizi wa nidhamu na mahudhurio, nenda na mtu anayejua Kifaransa, mtu mzima, usimchukue mwanao akutafsirie kesi yake mwenyewe. Na miji mingi ina nyumba ya vijana, Maison des adolescents, bure, daktari na mwanasaikolojia wapo, na mzazi anapokelewa hata kama mtoto amekataa kuja. Anza wewe. Ukishajua ni kipindi gani niandikie tena.